Kumwaga oili ya gia boksi ya trakta ndogo mwenyewe, kuna mtu amejaribu?

MkulimaWaKiserian
Habari za jioni wakuu. Niko na trakta ndogo ya Kijapani, ile ya haidrostati unakanyaga padeli inaenda mbele ama inarudi nyuma, nakata nayo nyasi huku Karen na wikendi inaenda Kiserian kulima. Sasa juzi nimetoa depstiki ya nyuma nikapata oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na asubuhi ikiwa baridi inalia kidogo kabla izoee. Fundi amenipea bei ya kuogopesha na hiyo ni leba tu, oili na filta ni juu yangu. Nataka nimwage mwenyewe Jumamosi. ATF, ile oili ya gia boksi ya gari ya otomatiki, inaweza ingia humo? Filta pia ni lazima? Na nijipange na lita ngapi?

Spana17
ATF wachana nayo. Oili ya huko nyuma inafanya kazi kadhaa mara moja, inalainisha gia, inainua jembe, inaendesha hiyo pampu ya haidrostati, na kwa nyingi breki pia ziko ndani zinaoga kwa hiyo hiyo oili. Unataka ile ya trakta inaitwa UTTO, ukifika Kirinyaga Road ama Industrial Area itaje hivyo hivyo, na usikubali kuuziwa STOU ukiambiwa ni kitu kimoja, hiyo imetengenezwa iingie hadi kwa injini. Kama ni Kubota wao wanataka Super UDT2 yao, kwa hivyo fungua manuali kwanza kabla ufungue pochi. Na oili nzito ya difu ya GL-5 usiweke hata upewe bure, dawa yake ya salfa inaweza kula shaba, na hizo pampu ziko na shaba ndani.

Lita usikisie, za saizi hiyo zinatofautiana sana. Tena jua haitatoka yote, ingine inabaki kwa mipira na silinda, so jaza ukiangalia depstiki sio ukihesabu mitungi. Lala chini uangalie vizuri, naati za kumwaga mara nyingi sio moja, trakta zingine ziko nazo hadi kwa ekseli huku na huku.

Filta ni lazima bana, utaweka aje oili mpya ipite kwa uchafu wa zamani. Paka ile oringi oili, kaza na mkono. Spana ya filta ni ya kufungua tu.

Wa_Ruai
Kabla uweke mpya mwaga dizeli kama lita tano uizungushe kidogo alafu uitoe, inaosha kila kitu. Huku ndio tunafanya na trakta zinatembea.

MamaTrakta_Kitengela
@Wa_Ruai hapana kaka, usimpeleke huko. Dizeli haitoki yote, inabaki kwa vishimo huko ndani inafanya oili mpya iwe nyepesi, na pampu ya haidrostati ikizunguka na dizeli haina kitu cha kuilinda. Akitaka kuosha aweke oili ya trakta tu, aitumie masaa machache amwage tena. Ni gharama, lakini uliza bei ya hiyo pampu kwanza.

Mkulima, hiyo rangi ya chai ya maziwa ni maji kwa oili, na mimi swali langu ni yaliingia wapi? Ukimwaga bila kujua, masika ijayo uko hapa tena. Angalia raba za chini ya leva, zikipasuka mvua inashuka moja kwa moja. Angalia breza, pale gia boksi inapumulia. Na huyo kijana wa kuosha na mashini ya presha, mwambie asilenge depstiki na leva, wanapenda sana kulenga hapo.

Oili ya kawaida inamwagwa ikiwa na joto inatiririka vizuri. Yenye maji mimi naiacha ilale usiku mzima, asubuhi bila kuwasha nalegeza naati ya chini kabisa polepole, bado iko kwa nyuzi, yale maji yamejitenga yanatoka kwanza kwa karai. Nafunga, nawasha ipate joto, ndio namwaga yote. Kama naati iko na sumaku utapata unga mweusi laini, hiyo usiogope. Ukipata vipande vya kushika na vidole, rudi kwa fundi.

Ukishajaza washa kwa mwendo wa chini, padeli usiguse kwanza. Inua na ushushe haidroliki mara kadhaa, songa mbele nyuma polepole, zima, alafu depstiki tena mahali pako tambarare, jembe likiwa chini. Na usafi tafadhali, panguza hapo karibu na filta kabla uifungue, vumbi likiingia umefanya kazi bure.

MkulimaWaKiserian
Asante sana mama, nimetoka na tochi saa hii, raba ya leva ya fowili imepasuka upande wa chini, ukiwa umesimama huwezi iona. Naitafuta kesho mjini pamoja na filta. Oili chafu je? Mlinzi anaitaka apake nguzo za fensi juu ya mchwa.

Spana17
Wengi wanapaka lakini kama kuna kisima karibu mnyime. Ifunge kwa mtungi, kuna watu wanazunguka magaraji ya Industrial Area wakinunua oili chafu. Ile ya kwanza yenye maji weka kwa mtungi wake, ukichanganya wanakataa yote.