Wimbo gani ukipigwa nyumbani kwenu lazima mtu atoke nje? Tupeane uzoefu

Kibatari: Wakuu, leo kwenye daladala la Mbagala dereva kaweka Marijani Rajab, Jabali la Muziki mwenyewe, nikapitiliza kituo. Mzee wangu Jumapili hakuwa na kingine. Kanda ikitafunwa tunaichomoa taratibu, tunaizungusha kwa kalamu ya Bic, na hapo ole wako ucheke. Kwenu ilikuwaje?

Mluguru Halisi: Kwetu Moro alikuwa Mbaraka Mwinshehe, wengine kelele tu. Januari 1979 ilipotangazwa kwamba amefariki kwa ajali ya gari Mombasa, babu alikataa chakula cha usiku. Na wakati huo baba mdogo yuko vita vya Kagera, barua hakuna. Bibi mpaka leo hajamsamehe: "Kwa mwanaye alikula, kwa Mbaraka akasusa."

Nyundo ya Keko: Hahaha bibi hana dogo.

Mchuma Karafuu: Huku Unguja wimbo hausikilizwi tu, unatunzwa. Harusi ya kaka yangu, wifi yake mama alinyanyuka na noti mkononi, akaja kuichezesha mbele ya mama mpaka ubeti ukaisha, ndipo akampelekea mwimbaji. Mama akangoja ubeti wa pili, akatunza mara mbili yake. Hawasemezani hadi leo, na hakuna aliyetukana mtu.

Dogo Singeli: Mimi kwetu singeli ikipigwa anayetoka nje ni mwenye nyumba, anakuja kudai kodi.

Mwana wa Reli: Mmenichokonoa nyie.

Baba alikuwa mtu wa TAZARA. Leo yuko nyumbani Tandika, kesho yuko njia ya Tunduma. Mwaka 1986 nipo darasa la tatu. Redio yetu National inakaa dirishani, betri zikichoka tunazianika juani. Mchana, kipindi cha salamu RTD, mama anapepeta mchele. Mtangazaji akasoma kadi: mtoto (tumwite Upendo) akiwa Makambako, anamsalimu baba yake mzazi, majina yote matatu, mfanyakazi wa reli, popote alipo. Ujumbe: baba rudi, mama amejifungua salama. Kisha ukaja wimbo, wa Marijani huyohuyo.

Mimi nikaruka, "Mama, baba katajwa redioni!"

Mama hakunijibu. Alisikiliza wimbo mpaka mwisho. Akaweka ungo chini, akazitoa betri zote, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nyumba ikawa kimya mpaka baba aliporudi. Akaingia na gunia la viazi, kama kawaida yake, akawasha redio. Hola. Mama akafungua pindo, akazipanga betri mezani, moja moja.

"Salamu zako zimefika."

Basi. Hakuna sahani iliyoruka. Viazi viligawiwa majirani, hata kimoja hakikupikwa kwetu.

Sasa linalonisumbua. Mwezi ujao binti wa Upendo anaolewa. Bendi ipo, na Upendo ameagiza wimbo uleule upigwe wazazi wakiingia ukumbini, kwa sababu kwake ndio wimbo wa baba. Hajui kadi yake ilitua vipi Tandika. Na mama atakaa meza ya mbele. Jina la wimbo sisemi, Upendo naye ana simu.

Nyundo ya Keko: "Salamu zako zimefika." Mungu wangu. Nimeacha kazi nasoma.

Kibatari: Uzi wangu umetekwa, haya endeleeni.

Bint Makorora: Subiri kwanza. Kama aliandika kadi mwenyewe, si kakuzidi umri?

Mwana wa Reli: Miaka miwili.

Bint Makorora: Daaah.

Dogo Singeli: Kaonane na bendi, wape chochote, waseme waya wa solo umekatika.

Bint Makorora: Usithubutu. Mwambie Upendo ukweli, ni mtu mzima sasa.

Mluguru Halisi: Ukweli wa nini miaka yote hii? Mtoto alituma salamu, leo umbebeshe mzigo wa baba yake?

Bint Makorora: Kwa hiyo aubebe mama? Wanaume mnalindana hata makaburini.

Mluguru Halisi: Nimemlinda nani dada yangu? Babu yangu mwenyewe nimemwanika hapo juu.

Mchuma Karafuu: Mama akatunze tu bendi. Noti nyekundu, mbele ya watu wote, maneno yamekwisha.

Nyundo ya Keko: Wimbo ni Georgina. Niko tayari kuweka rehani pikipiki.

Fundi Redio: Georgina ni ya bendi ya Safari Trippers, siyo Dar International. Watoto mnachanganya mambo.

Nyundo ya Keko: Nani kataja Dar International? Kasema Marijani. Huko Trippers alikuwa anaimba nani, wewe?

Fundi Redio: Ninyi ndio wale mkisikia Sikinde mnasema Msondo.

Kibatari: Fundi usianze, hilo lina uzi wake na haujapoa.

Mchuma Karafuu: Upendo na mama wanapatana kweli?

Mwana wa Reli: Kuliko mimi na mama. Alikuja Tandika kusoma sekondari, mama ndiye aliyekuwa anamsuka. Hata msiba wa baba walilala mkeka mmoja. Ila Marijani akianza redioni, mama anakumbuka amesahau kitu dukani.

Dogo Singeli: Muulize mwenyewe basi, simu si unayo?

Mwana wa Reli: Nimempigia. Nimezunguka weee, mwisho nikasema. Kanijia juu: "Mtoto alikuwa anamsalimu baba yake, nilimkasirikia mtoto mimi?" Halafu kauliza sare ni rangi gani, na nani atamfuata kwa gari. Nikamwambia, kwa hiyo upigwe? "Upigwe. Mimi nitakuwa msalani."

Bint Makorora: Huyo mama nampenda bure.

Mluguru Halisi: Si nilisema?

Bint Makorora: Hukusema hivyo.

Nyundo ya Keko: Jamani, kwa hiyo ni Georgina au siyo?