Nilipotea Ngezi, sasa naiogopa safari ya Usambara

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa waliozoea kutembea porini peke yao.

Niko Wete, Pemba. Wiki iliyopita niliingia msitu wa Ngezi peke yangu, nia yangu nitokee ufukwe wa Vumawimbi. Nikaiacha barabara nikafuata kijia (ujinga wangu, najua). Baada ya nusu saa hivi kijia kikafifia. Mbele majani makavu tu, nyuma nako kila upenyo unafanana na mwenzake. Natazama jua, liko utosini, halinambii kaskazini wala kusini. Ramani ya simu nayo, kile kidoa cha buluu kinarukaruka mara huku mara kule, na chaji imebaki asilimia 9.

Nikafunga leso kwenye tawi, nikawa naenda hatua 50 kila upande na kuirudia leso. Mara ya tatu nikasikia honi ya pikipiki, nikaifuata mpaka barabarani. Bahati tu.

Sasa mwezi ujao nataka kutembea milima ya Usambara, Lushoto hadi Mtae, siku kadhaa, peke yangu. Kule kuna mabonde na ukungu, sitegemei honi.

Nauliza: njia ikipotea mlimani na magharibi inakaribia, nirudi nilikotoka au nikae papo hapo hadi kupambazuke? Na dira nimenunua, lakini sijui kuioanisha na ramani ya karatasi. Nianzie wapi?

Mke wangu keshasema nisiende, kwa hiyo huo ushauri ninao tayari.