Walimu wa maji ya moto na pampu ya choo, mmeniharibia mlango

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Gari langu ni zee. Mlango wa nyuma ulikuwa na mbonyeo mmoja, ukubwa wa kiganja, hauna mkunjo, rangi haijapasuka. Ningeweza kuishi nao miaka. Lakini nilishaangalia video kama kumi: jamaa anamwaga maji ya moto, anabandika pampu ya kuzibulia choo, anavuta, po! Kwisha kazi.

Nikachemsha birika, nikamwaga, nikavuta. Birika la pili. La tatu. Mke wangu akauliza kama naliogesha gari au nalipikia chai. Bati halikusogea hata unywele.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba video karibu zote zile zilikuwa za BAMPA. Bampa ni plastiki! Plastiki ikipata joto hulainika na kutaka kurudi umbo lake. Chuma hakijui habari ya nyuzi 100. Hadi kilainike rangi itakuwa imeshaungua kitambo. Neno moja tu, bampa, mlishindwa nini kulitamka?

Wale wa draya ya nywele na barafu nanyi nawaona. Nilijaribu. Nilichopata ni mlango msafi.

Nikahamia kwenye gundi ya moto, na hapa ndipo palipouma. Sikitukani kifaa chenyewe, mafundi wanakitumia: unabandika kishikio, unavuta kidogo kidogo, unagongagonga kingo zilizoinuka. Ila kinategemea rangi iliyoshika bati sawasawa. Gari zee nani anajua limeshapigwa puti, lile rojo linaloganda la kujazia mabonyeo, mara ngapi? Nilipovuta, kishikio kikaja na bamba zima la rangi, chini yake puti, chini ya puti kutu. Aliyeniuzia alificha yake vizuri, mimi nikayafukua. Na kumbe kuna kipimo cha bure: funga sumaku kwenye kitambaa laini, ipitishe juu ya mlango, pale inapolegea pana puti nene. Nusu dakika. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema.

Basi hasira zikanipanda, nikafungua ganda la ndani la mlango nikagonga katikati ya mbonyeo kwa nyundo ya misumari. Hili ni kosa langu, nakiri. Lakini na yule aliyeandika "gonga tu kwa ndani, litarudi" anione. Bati la mlango halifiki hata milimita 1. Ukiligonga katikati bila kuegemeza chuma upande wa pili, linatanuka, na likishatanuka halina pa kwenda. Wangu sasa ukiubonyeza unaingia, ukiuachia unatoka, plak plak, kama mfuniko wa kopo. Kumbe mbonyeo huanzwa pembeni, kwenye ukingo ulioinuka, ukizunguka taratibu kuelekea ndani. Katikati ni mwisho.

Najua kuna mtu anakuja kuniambia "jaza puti, piga msasa, sahau". Mzee, puti si zege. Inataka bati lililokwanguliwa mpaka ling'ae, lisilo na kutu, na safu nyembamba ya milimita chache tu. Ukiijaza shimo itakuja kupasuka au kubanduka. Ukiiacha wazi bila praima, ile rangi ya kwanza ya kuziba, inanyonya unyevu, kutu inarudi. Vumbi lake nalo bila barakoa unalila mwenyewe.

Sasa nauliza wenye mikono, si wenye kamera: bati lililotanuka hivi linaweza kukazwa nyumbani, yale mambo ya kulipasha doa dogo kwa moto kisha kulipoza kwa kitambaa chenye maji, bila kuupinda mlango wote? Au nitafute tu mlango mwingine uliotumika?

Picha nitaweka nikishapoa. Atakayetaja birika namripoti.