Msaada wakuu: mkazo wa Kiholanzi unanitoa jasho

Binti Lushoto
Habari za muda huu wana jukwaa. Mada inajieleza. Najifunza Kiholanzi, msamiati ninao, sarufi naiweza kiasi, ila nikifungua mdomo naambiwa naongea Kiswahili chenye maneno ya Kiholanzi. Kila neno nalikazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndivyo ulimi wangu ulivyozoea. Juzi nilipoulizwa jina la ukoo, mtahini alicheka mpaka akapaliwa. Kuna mbinu ya haraka? Naomba wenye uzoefu tu, matusi hapana.

Baharia Mstaafu
Haraka ya nini, mwanangu? Mimi enzi za meli tulitia nanga kule. Nikamwuliza kondakta wa treni, "RotTERdam?" Akanitumbulia macho. Kumbe wenyewe wanasema RotterDAM, mkazo mwisho kabisa, na Amsterdam vivyo hivyo. Sasa wakati nabishana naye akaja mama mmoja wa Suriname, mweusi kama mimi, akaniuliza kama nimekula. Huyo mama nitawasimulia siku nyingine, lakini wali wake wee!

Kaka Zwolle
Pole dada. Nipo huku, nafanya kazi ghalani. Maneno yao mengi ni mawili yaliyoungana, na mkazo kwa kawaida unakaa kwenye kipande cha kwanza: ZIEkenhuis (hospitali), ACHternaam (jina la ukoo), VOORnaam (jina la kwanza). Ukisema voorNAAM umeshaacha jina, unazungumzia mtu wa hadhi.

Ila kinachotuangusha zaidi ni zile silabi zisizo na mkazo. Sisi kila irabu tunaipa haki yake, wao wanazimeza. "Lopen" (kutembea) kwa wengi inatoka "lope", na hiyo e ya mwisho ni kama pumzi tu. Ukizitamka zote kwa nguvu sawa, msikilizaji hajui ashike ipi.

Halafu jihadhari na voorkomen. VOORkomen ni kutokea, voorKOmen ni kuzuia. Kuna Mganda mwenzetu alisimama kwenye kikao cha usalama akatangaza kwamba ajali lazima zitokee. Msimamizi akauliza, ngapi kwa wiki? Kwenye maandishi, wakihofia utata, wanatia alama juu: vóórkomen, voorkómen. Kwenye mdomo hakuna alama.

Mama Kija
Mnamjibu juu juu. Binti anayetaka lugha "haraka" ana mzungu pembeni. Sema ukweli mwanangu, ni mchumba? Wazazi wanamjua? Mahari je?

Binti Lushoto
Mama, mahari haihusiani na silabi.

Kaka Zwolle
Lakini sababu inahusika. Anayesomea kazi na anayesomea mtihani hawapewi dawa moja. Ni ya nini?

Binti Lushoto
Haya. Ni ule mtihani wa ubalozini, wa kabla ya kibali cha kumfuata mwenza. Nimeshalipia, ni wiki ijayo. Mwalimu sina. Mchumba ananitumia sauti WhatsApp na nimezikariri zote, na wimbo wake uleule. Na msiniambie nibadilishe sasa hivi. Yeye ni Mholanzi wa kuzaliwa, atakoseaje lugha aliyonyonya?

Nshomile wa Bukoba
Mchumba ni wa mji gani?

Binti Lushoto
Roermond. Kwani vipi?

Nshomile wa Bukoba
Ahaa! Hiyo ni Limburg, jimbo lao la kusini. Kilimburg kina toni, kama Kihaya chetu. Neno "daag" usipolisikia limeimbwaje hujui ni siku moja au siku nyingi. Hata wakiongea Kiholanzi sanifu, ule wimbo wengi wao hauwatoki, na g yao ni laini, haikwaruzi kama ya Amsterdam. Si kosa, ni lafudhi ya kwao. Lakini wewe umebeba wimbo mzima bila kujua upi ni mkazo wa neno na upi ni wa Limburg. Wakigeuza swali kidogo utaimba jibu la swali jingine.

Binti Lushoto
Mbona yeye anaeleweka nchi nzima?

Nshomile wa Bukoba
Kwa sababu mkazo wa neno anauweka panapotakiwa, wimbo unakuja juu yake. Wewe umeanza na wimbo.

Mpasua Jipu
Wakuu, mbona mnakunywa tu? Hii ni chai, tena ya rangi. Kuongea kwenye ule mtihani ni wewe na kompyuta, swali linatoka kwenye skrini, unajibu kwenye maikrofoni. Huyo mtahini aliyepaliwa alikaa wapi, ndani ya kibodi? Na mtihani si wiki ijayo? "Juzi" ilikuwa ipi?

Konda wa Gongo la Mboto
Nimeshavuta kiti na bisi zangu. Mleta uzi, jibu!

Mama Kija
Nilijua tu.

Binti Lushoto
Sijadanganya. Ni mama mkwe, kwenye simu ya video. Nimemwita mtahini kwa sababu ndivyo alivyojiweka, anauliza na kalamu mkononi. Nilisema achTERnaam. Basi.

Mpasua Jipu
Kwa hiyo mzungu wa Roermond ameshakuwa mama mkwe kabla ya mahari, na mtahini kabla ya mtihani. Endelea.

Kaka Zwolle
Mwacheni. Dada, iwe chai au uji, kiwango pale ni A1, yaani ngazi ya mwanzo, wanataka ueleweke, hawatafuti mtangazaji wa redio. Chukua maneno ya lazima tu: achternaam, Nederland (Uholanzi), antwoorden (kujibu). Yote matatu mkazo mwanzoni. Gonga meza kwenye silabi hiyo, zilizobaki zipitishe puani. Na maswali: sisi "unakuja" linageuka swali kwa sauti tu, wao hutanguliza kitenzi, "Kom je?" Kwa hiyo sikiliza neno la kwanza kabla ya kufuata sauti.

Binti Lushoto
Kugonga meza nitajaribu leo. Ila sauti zake sifuti.

Mpasua Jipu
Tuwekee moja hapa tuamini.

Binti Lushoto
Thubutu.