Daktari bingwa Malindi: niandike makala kwanza au niombe ruzuku hivi hivi?

Kisu_cha_Malindi
Asalaam alaykum wadau. Mimi ni daktari bingwa wa upasuaji, hospitali ya umma hapa Malindi. Nataka kufanya utafiti juu ya vidonda vya watu walioumwa na nyoka. Wanatufikia kutoka Langobaya na Magarini mguu umekazwa kamba tangu jana, nyama imeshakufa, nami kazi yangu inakuwa kukata tu. Ruzuku nimeiona, lakini fomu inauliza h-indeksi. Makala zangu sita, karibu zote za enzi za MMed (shahada ya ubingwa), zimenukuliwa mara 14, 9, 3, 2, 1 na 0. Mwenzangu niliyesoma naye, aliyebaki chuo kikuu, ana h-indeksi ya 17. Je, nikae mwaka mzima niandike kwanza? Na zamu zenyewe ndizo hizi, nikitoka thieta nasinzia na kijiko mkononi.

Mpwa_wa_Shela
Daktari, sisi wengine huku Lamu hatujui hiyo h ni mdudu gani. Fafanua kabla hatujakushauri upuuzi.

Karani_wa_Ruzuku
Nifafanue mimi. H-indeksi ni namba ya kupima makala za mtafiti na zinavyonukuliwa na wengine. Ilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unapanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unashuka maadamu kila moja imenukuliwa angalau mara sawa na nafasi yake; nafasi ya mwisho inayofaulu ndiyo h. Ya tatu ya daktari imenukuliwa mara 3, inatosha. Ya nne ilitakiwa ifike 4, ina 2. Basi h-indeksi yake ni 3. Ona pia kwamba hiyo ya 14 hata ingenukuliwa mara 400, angebaki na 3 ile ile. Na kipimo chenyewe hakishuki kamwe, kwa hiyo mzee aliyeacha kuandika zamani bado anakupita.

Daktari_Ughaibuni
Niko Marekani, fani yangu masikio, pua na koo. Huku wamelinganisha sana madaktari bingwa, wa fani yangu, wa macho, wa mkojo, wa ubongo, na jibu hurudi lile lile: wenye ruzuku za NIH (taasisi za afya za serikali ya Marekani) wana h-indeksi kubwa kuliko wasio nazo. Watu husoma hapo wakasema, "Andika sana utapewa pesa." Mimi naona wamepanda punda kinyume. Aliyepata R01, ruzuku kubwa ya utafiti ya NIH, analipiwa muda wa kutoka kliniki, ana mtakwimu, ana wanafunzi wa kukusanya data, na ruzuku yenyewe huenda mpaka miaka mitano. Akose vipi makala? Huyo wa 17 muulize ana zamu ngapi za usiku.

Kisu_cha_Malindi
Hana hata moja 😂 Lakini mpitiaji wa maombi hajui hayo. Anaona 3.

Karani_wa_Ruzuku
Anajua ukimwambia. Soma fomu vizuri: nyingi zina sehemu ya kueleza kazi yako na mazingira yake. Andika kwamba wewe ni mpasuaji wa zamu, na makala hizo uliziandika bila senti ya mtu. Tena tafuta ruzuku za wanaoanza, usishindane na maprofesa. NIH wenyewe humhesabu mtu mchanga ndani ya miaka 10 tangu amalize shahada ya juu au mafunzo ya ubingwa, na hao huangaliwa kwa jicho la pekee. Kuna pia Hazina ya Taifa ya Utafiti hapa Kenya, iliyotokana na sheria ya 2013.

Kuhusu kukaa mwaka mzima ukiandika: usifanye hivyo. Utaishia kulipia majarida ya kitapeli yanayokutumia barua pepe za "mheshimiwa profesa".

Mama_Barani
Mwanangu, mie nesi mstaafu. Hao wa kamba mguuni nimewaona miaka. Mada unayo tayari! WHO waliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na 2019 Wellcome, shirika la hisani la Uingereza, wakatangaza pauni milioni 80 kwa ajili ya hilo hilo. Watu wa Bio-Ken, kituo cha nyoka pale Watamu, wanaishi na nyoka, kawaulize. Na daftari la wodi, nani analiandika? Zamani nusu ya kurasa hazikuwa na saa aliyofika mgonjwa.

Kisu_cha_Malindi
Mpaka leo, mama. Wala aina ya nyoka haiandikwi.

Daktari_Ughaibuni
Basi anzia hapo hapo. Fomu ya ukurasa mmoja kwa kila mgonjwa: ameumwa saa ngapi, kamba ilikazwa muda gani, dawa ya sumu alipewa lini, amekatwa nini. Hiyo haihitaji ruzuku, na ndiyo itakayomshika mpitiaji kuliko h yako.

Karani_wa_Ruzuku
Ila kibali cha kamati ya maadili kwanza, na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na ruhusa ya kaunti. Data iliyokusanywa kabla ya kibali inaweza kukataliwa na jarida. Halafu panda matatu uende Kilifi. KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba Kenya) na Wellcome wako pale tangu 1989, watafute wanaoshughulika na nyoka, uombe uingie kama mtafiti mwenza. Pesa zikipitia taasisi yenye wahasibu waliozoea kukaguliwa, hutalala ukiwaza risiti.

Kisu_cha_Malindi
Nikiingia kama mwenza si watachukua jina wao?

Karani_wa_Ruzuku
Mpangilio wa majina na umiliki wa data viandikwe kabla hujakabidhi hata karatasi moja. Na kwenye bajeti weka mshahara wa mtu wa kujaza hizo fomu usiku. Usijiweke wewe.