Kikundi cha Familia ya Majengo: Unga wa Mahamri ya Khitma

Shangazi Rehema, saa 1:05 usiku
Assalaam alaykum, jamaa zangu. Khitma ya Jumamosi inahitaji kilo 6 za unga wa ngano, na kwa kuwa tutakanda katika nyumba tatu, kila nyumba kilo 2, naomba kila mmoja aniambie kama anapima kwa mizani au kwa kikombe. Jibuni leo, maana kesho asubuhi ninakwenda kununua vitu Nyamakima.

Shangazi Rehema, saa 1:52 usiku
Ninaona mmesoma. Ninasubiri majibu.

Faiza, saa 2:10 usiku
Shangazi, shikamoo. Mimi sina mizani, nitapima kwa kikombe.

Shangazi Rehema, saa 2:12 usiku
Marahaba, mwanangu. Kikombe cha kupimia cha mililita 250 huchukua gramu 125 hivi za unga, kwa hiyo kilo 2 ni vikombe 16. Hesabu hiyo usiipeleke kwenye sukari, kwa sababu sukari ni nzito zaidi: kikombe kilekile huchukua gramu 200 hivi au zaidi kidogo, yaani kilo moja ni karibu vikombe 5.

Mjomba Salim, saa 2:15 usiku
Kikombe changu cha chai kinakaribia nusu lita. Tukipimia hicho, nitaongezewa mahamri?

Juma, saa 2:16 usiku
Mjomba, wewe hata sinia zima halikutoshi.

Shangazi Rehema, saa 2:17 usiku
Tafadhali, tusitoke kwenye unga. Kikombe cha chai si kipimo.

Faiza, saa 2:31 usiku
Shangazi, vikombe 16 ndivyo nilivyoambiwa kwenye harusi ya Zuhura. Mahamri yalikuwa magumu, na mpaka leo husemwa kwamba mkono wangu ni mzito. Baadaye niliazima mizani kwa jirani nikapima kama nilivyopima siku ile, kwa kuchota moja kwa moja pakitini, na kila kikombe kilikuwa na gramu 150 kwa sababu unga ulishindiliwa. Vikombe 16 vilikuwa kilo 2 na gramu 400, ilhali tui lilibaki lilelile. Hakuna aliyeniuliza.

Juma, saa 2:58 usiku
Na mbaazi je? Mwezi uliopita niliuziwa kwa gorogoro (mkebe wa kupimia wa kilo 2) ambalo kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, na nilipopima nyumbani hazikufika kilo 2.

Shangazi Rehema, saa 3:01 usiku
Mbaazi nitanunua kwa mizani, nikiwa nimesimama palepale. Mafuta nitachukua lita 5, na yakipimwa yatakuwa kilo 4 na gramu 600 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Mtu asidhani nimepunjwa.

Mwanaisha, saa 3:40 usiku
Nimemsomea Bibi ujumbe wote, naye ameniambia niandike hivi: “Sisi tulipima kwa kibaba, na vibaba vinne ni pishi moja, lakini hakuna aliyetaja kibaba bila kusema kama ni cha tele au cha mfuto. Cha tele huachiwa kichuguu juu, cha mfuto hufutwa kikawa sawa na ukingo. Faiza alipewa idadi, hakuambiwa namna ya kujaza. Mkono wake hauna kosa, na neno hilo nisilisikie tena.”

Shangazi Rehema, saa 4:48 usiku
Nimesikia, Mama. Faiza, mwanangu, niwie radhi. Safari hii unga uchekechwe kwanza, utiwe kikombeni kwa kijiko bila kukigonga kikombe, kisha ufutwe kwa mgongo wa kisu. Sote tupime hivyohivyo.

Faiza, saa 4:55 usiku
Yameisha, Shangazi. Sasa kikombe chenyewe cha mililita 250 kiko kwa nani?

Mjomba Salim, saa 5:03 usiku
Mimi nina mizani ya jikoni, lakini betri zimekwisha. Nitatafuta nyingine kesho, Mungu akipenda.

Mama Zuhura, saa 12:20 asubuhi
Samahani, ndiyo kwanza ninaona. Unga wangu nimeshanunua, pakiti moja ya kilo 2, kwa hiyo mimi sihitaji kupima. Je, nyumba ya tatu ni ya nani?