Injini ya ovaholi ya Canter ya brekdauni, niangalie nini kabla nitoe pesa?

MvutajiWaEmbakasi
Habari zenu wakuu. Niko na Canter ya zamani ya injini ya 4D32, imefungwa bodi ya kubebea magari na winchi, kazi yake ni Mombasa Road na Southern Bypass lakini pia inashuka Mai Mahiu na kupanda na mzigo mgongoni. Sasa injini imenoki, kranki imekwisha na bloku fundi anasema imelika. Kuna jamaa Industrial Area ako na 4D33 ya ovaholi, yaani iliyofunguliwa ikajengwa upya, anasema ni kama mpya na ananipea waranti ya miezi mitatu. Grogan, kwa wauza vipuri, nimeonyeshwa ingine eks-Japani, iliyotumika huko ikaletwa, bei iko chini kidogo. Ama nijenge tu hii yangu? Hii gari inalisha dereva, taniboi na nyumba zetu zote, sitaki kubahatisha.

fundi_dizeli
Pole sana mkuu. "Kama mpya" hiyo si kipimo, muulize kranki ilichongwa saizi gani, silivu (mikebe pistoni zinapitia) ni mpya ama alisugua za zamani akaweka ringi, na hedi ilipimwa presha ya maji wapi kuona kama iko na ufa. Mtu amejenga injini kwa mikono yake hayo anajibu bila kufikiria na risiti za wachongaji ako nazo. Akianza kuzungukazunguka jua hiyo imeoshwa na dizeli ikapigwa rangi ya silva.

Kitu kimoja usikose, mwambie afungue sampu, lile beseni la oili chini ya injini, ukiwa hapo, atoe kepi ya beringi moja ya kranki. Nyuma ya ganda la beringi kumechapwa saizi, STD (haijachongwa) ama 0.25 ama 0.50 ya milimita. Kama alikwambia kranki imechongwa 0.50 na ganda linasoma STD, ondoka. Halafu kepi irudishwe na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, si kwa nguvu za mkono.

Ingine, fika kama haijawashwa, guse kwanza uhakikishe iko baridi, kwa sababu injini mbovu inaficha mengi ikishapashwa. Ikipata moto geuza kifuniko cha oili ukiweke tu juu ya tundu bila kufunga. Kikirukaruka hadi kianguke, ringi hazishiki.

Hiyo eks-Japani mimi singechukua kwa kazi yako. 4D33 si injini ya juzi, huko ilitoka hujui ilifanya kazi miaka mingapi, na huwezi kuona ndani bila kufungua, na ukishafungua si uko kwa ovaholi tu.

Wanjiku_Malori
Mimi nauliza kabla ya yote, hii ya kwanza ilikufa na nini? Brekdauni zinakufa na joto. Hapa mafundi wengi wakiona gari inachemsha wanatoa thamostati wanatupa, unaweka maji ya mfereji kwa radieta, kutu inajaa, na mlima wa Mai Mahiu unamaliza kazi. Ukifunga injini nzuri juu ya hiyo radieta utarudi hapa tena. Ipelekwe ifunguliwe isafishwe, uweke thamostati na kulanti ya kweli. Na tafadhali, oili kula (kipozeo cha oili) ya injini iliyonoki usiirudishe, vyuma vya beringi vinabaki ndani na safari ya kwanza vinaingia kwa kranki mpya.

KijanaWaLimuru
Je akitafuta 4D34 ya taabo, ile inasukuma hewa zaidi ndani ya injini? Injini isiyo na taabo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mita 100 ukipanda, na Nairobi iko karibu mita 1,700, Limuru inapita 2,200. Ndio maana watu wanafungua pampu iongeze dizeli, inatoa moshi mweusi na pistoni zinaungua.

fundi_dizeli
@KijanaWaLimuru uko sawa kabisa, taabo inasaidia huku juu, lakini hesabu klachi, eksozi, njia ya hewa na radieta kubwa. Kama pesa ni ya injini peke yake, 4D33 iliyojengwa vizuri, lita 4.2 badala ya 3.6 yako, inatosha. Pampu na injekta zipelekwe zipimwe kwa mashine, zisifungwe tu hivyo.

Na mkuu usisahau namba ya injini itabadilika, kwa hivyo ni NTSA (wa usajili wa magari), inspekshoni na logibuku, na uambie watu wa bima. Dai risiti ya injini iliyo na hiyo namba.

MvutajiWaEmbakasi
Nimeshukuru sana wakuu. Jamaa nimempigia, ya sampu amekubali, tunafungua Jumamosi. Nikiifunga naweza ingia kazini siku hiyo hiyo?

fundi_dizeli
Hapana. Kilomita 1,000 za kwanza vuta magari madogo, barabara tambarare, usikanyage hadi mwisho na usiiache ikinguruma saa nzima umeegesha. Halafu mwaga oili na filta hata kama inaonekana safi, kata hiyo filta uangalie kama kuna vyuma. Mai Mahiu ni baada ya hapo.